Kabla hujasema amechemsha: kusikiliza muziki wa jukwaani Dodoma

Tamasha likiisha Dodoma, iwe Uwanja wa Jamhuri, Chinangali Park au viwanja vya Nane Nane pale Nzuguni, hukumu hutoka usiku huohuo, na huwa moja kati ya mbili: amefunika, au amechemsha. Vijiwe vinagawanyika, makundi ya WhatsApp yanawaka moto, na kukipambazuka kila mtu ameshashika upande wake. Ukimuuliza shabiki alisikia nini hasa, mara nyingi atakusimulia nguo, wacheza shoo na fataki. Muziki wenyewe haujaguswa.

Haya ni kwa ajili ya shabiki anayetaka maoni yake yawe na mashiko. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: sehemu kubwa ya lawama wanazobebeshwa wasanii wanaopita hapa inastahili kwenda kwa mitambo, hewa na ratiba, na sehemu kubwa ya sifa inakwenda kwa flashi iliyochomekwa kwenye kompyuta ya DJ.

Nianze na hiyo flashi. Msanii wa Bongo Fleva hupanda jukwaani na kimoja kati ya vitu vitatu. Cha kwanza ni wimbo mzima kama ulivyotoka studio, sauti yake ikiwa humohumo ndani. Yeye anaruka na kupayuka juu ya sauti yake mwenyewe. Cha pili ni biti yenye kiitikio na sauti za pembeni tu, beti zote anaziimba hapohapo. Cha tatu ni bendi: dramu, besi, gitaa, kinanda, na pengine kompyuta ya kuongeza vionjo ambavyo bendi haina. Cha pili na cha tatu ni kazi halali kabisa. Anayeimba vizuri juu ya biti, kwa upande wa sauti, anastahili sifa zilezile za mwenye bendi. Cha kwanza hakistahili kiingilio cha mtu.

Kuvitofautisha si kazi ngumu. Angalia maiki kabla ya kuangalia uso. Maiki za mkononi zinazotumika majukwaani zimetengenezwa zishike sauti ya karibu, mdomo ukiwa sentimita mbili hadi tano kutoka kwenye wavu. Msanii akiishusha hadi kifuani, sauti lazima ipungue sana na uzito wake wa chini utoweke. Isipopungua, unasikiliza rekodi. Sikiliza pumzi pia. Mtu aliyeruka dakika mbili mfululizo hawezi kushika noti ndefu bila kuvuta pumzi ikasikika, hata awe amefanya mazoezi vipi. Sikiliza zile "eeh" na "ooh" za pembeni: zikija mahali palepale pa redioni, huku mdomo wake unasema "Dodoma mpooo", jibu unalo. Na mwisho wa wimbo haufichi kitu. Bendi inamtazama kiongozi wake na kukata pamoja. Rekodi inafifia, au DJ anaizima.

Kuna hali moja ambayo kwa masikio yangu ni mbaya kuliko zote, nayo ni msanii kuimba kweli juu ya wimbo mzima. Sauti ya rekodi imenyooshwa studio kwa programu ya kurekebisha noti. Sauti ya jukwaani haijanyooshwa. Zikikutana zinapishana kidogo kwa noti na kidogo kwa muda, na matokeo yake ni ukungu. Shabiki anaondoka akisema "sauti yake imekauka siku hizi", kumbe mtu huyo angeimba juu ya biti tupu angesikika vizuri tu. Lawama hapa ni ya msanii kweli, lakini ni ya uamuzi aliofanya, wala si ya koo lake.

Kosa jingine la msanii mwenyewe, na linaonekana kwa macho: kukumbatia kichwa cha maiki kwa kiganja. Marapa wanalipenda kwa sababu linapendeza kwenye picha. Maiki hizo zina matundu nyuma ya wavu yanayoisaidia kukataa sauti inayotoka upande wa nyuma. Ukiyaziba kwa mkono, inaanza kupokea pande zote, ikiwamo sauti ya spika zilizo miguuni kwake. Hapo ndipo mluzi unapoanza, fundi anashusha sauti kuuzuia, na maneno yanapotea. Umati unamzomea fundi. Rapa akishika mpini, tatizo linakwisha.

Sasa hewa, jambo ambalo mashabiki wengi hawalipi nafasi kabisa. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Oktoba mvua ni kama hakuna. Ni kipupwe, halafu vumbi. Hewa kavu inakula sauti za juu: matoazi, herufi s na sh, ncha ya mlio wa gitaa. Kwenye nyuzi joto 20, hewa ikikauka hadi unyevu wa asilimia 20, sauti ya hertz 8,000 (yaani mitetemo 8,000 kwa sekunde) inapoteza karibu desibeli 10 kwa kusafiri mita 50 tu. Unyevu ukiwa asilimia 70, kama ilivyo kawaida kando ya bahari, upotevu kwa umbali huohuo ni kama desibeli 4. Ndiyo maana bendi iliyosifiwa mwezi Februari kwenye Sauti za Busara, ndani ya Ngome Kongwe kule Zanzibar, inaweza kusikika Jamhuri kana kwamba imefunikwa blanketi, na walio nyuma wakamlaumu mwimbaji kwamba hatamki maneno.

Unyevu wenyewe nao hautulii. Jua likizama joto linashuka, unyevu unapanda, sauti za juu zinarudi. Fundi aliyepima mitambo saa tisa alasiri akaongeza sauti kali ili zifike nyuma, asipozipunguza, saa nne usiku zitakuwa zinachoma masikio ya walio mbele. Fundi anayejua kazi utamwona anaacha miksa na kutembea hadi nyuma ya umati, anasikiliza, anarudi. Ukimwona anafanya hivyo mara kwa mara, huyo mpe heshima yake. Asiyeinuka kitini usiku kucha hajui watu wa nyuma wanasikia nini.

Upepo ni adui mwingine. Msimu huo kwetu unavuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki. Sauti inayokwenda na upepo inapinda kuelekea ardhini na kuwafikia watu. Inayokwenda kinyume na upepo inapinda kwenda juu na kuwaruka. Kwa hiyo jukwaa linafaa liwe upande wa mashariki, mgongo wake ukiupokea upepo. Mara nyingi waandaaji wanaliweka pale lori la vyuma lilipoweza kuingia, na hapo ndipo mambo yanapoharibika. Jukwaa likiutazama upepo, walio mita 60 nyuma wanasikia sauti inayokuja na kupotea. Maneno mawili yapo, la tatu limechukuliwa. Hakuna mwimbaji atakayeshinda hali hiyo, na kuongeza sauti hakusaidii. Kunawaumiza walio mbele tu. Dawa ni kuweka spika za nyongeza katikati ya uwanja na kuzichelewesha kwa hesabu. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi joto 20, kwa hiyo spika zilizo mita 34 mbele ya jukwaa zinacheleweshwa sehemu ya kumi ya sekunde. Zisipocheleweshwa, watu wa nyuma wanasikia kila neno mara mbili, na shabiki anaandika kwamba bendi haikuwa pamoja.

Viwanja vya mpira vina tatizo lao la ziada: ukuta wa zege. Jukwaa likitazama majukwaa ya watazamaji yaliyo umbali wa mita 60, sauti inakwenda na kurudi mita 120, yaani inamfikia mpiga dramu baada ya sekunde 0.35 hivi. Kwenye wimbo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja ni nusu sekunde. Mwangwi unaangukia katikati ya mapigo. Mpiga dramu ambaye spika zake za miguuni ni dhaifu ataanza kuufuata mwangwi, na wimbo mzima utapungua kasi bila mtu kukusudia. Ukiona bendi nzuri inaburuta, mtazame mpiga dramu: kama anainamia spika au anaashiria kwa fundi kidole kikielekea juu, anaomba ajisikie. Msamehe.

Kwa sababu ya haya yote, mahali unaposimama ndipo maoni yako yanapozaliwa. Ukitaka kumhukumu msanii kwa haki, simama mstari wa katikati, karibu na kibanda cha fundi au mbele yake kidogo. Kipimo rahisi ni umbali kutoka jukwaani ulingane na nafasi iliyopo kati ya spika za kushoto na za kulia, au uzidi kidogo. Ukiwa umeegemea uzio mbele ya spika za besi upande mmoja, utasikia besi na kelele za mashabiki. Mwimbaji utamwona tu. Besi nayo ina tabia yake: spika za besi zikiwekwa pande mbili, katikati ya uwanja inajaa sana, na ukisogea hatua chache pembeni inapungua ghafla, kwa sababu mawimbi ya pande mbili yanafutana. Kabla hujasema "besi haikuwepo", sogea mita tatu.

Na kama umeleta mtoto, mzibe masikio kwa vifaa vinavyofaa au ukae naye nyuma kabisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka kiwango cha wastani wa juu wa desibeli 100 kwa kumbi na matamasha, na kwa kipimo kinachotumika makazini, desibeli 100 masikio huzivumilia dakika 15 tu kwa siku. Mbele ya spika zetu mtu anakaa saa tano.

Umeme nitaupitia haraka. Mngurumo wa chini usiokoma, unaosikika hata muziki ukinyamaza, ni wa hertz 50 za umeme wetu au mara mbili yake, na unatokana na waya wa ardhi uliofungwa vibaya, au taa na mitambo ya sauti kulishwa na jenereta moja. Sauti inayopasuka kila taa zote zinapowaka pamoja ni jenereta iliyozidiwa. Jenereta mbili, moja ya taa na moja ya sauti, zingemaliza malalamiko mengi. Msanii hahusiki.

Bendi za dansi zinaonewa kwa namna nyingine. Msondo Ngoma, ambayo ilizaliwa 1964 kama NUTA Jazz, na Sikinde, iliyoanza 1978 kama Mlimani Park, zilijenga nyimbo zenye mwendo wa polepole wa hadithi kwanza, halafu mchapuko ambapo magitaa yanaachiwa yajibizane na ala za kupuliza zinaingia kukata. Wimbo mmoja wa namna hiyo unataka dakika nane au zaidi. Ukiipa bendi ya aina hiyo dakika 15 kati ya wasanii wawili wa biti, umeiomba ivunje kazi yake. Utasikia nyimbo mbili zilizokatwa kabla ya mchapuko, na kijana aliyekuja kuwasikia kwa mara ya kwanza ataondoka akiamini kwamba muziki wa wazee umepoa. Sidhani kama kuna dhuluma kubwa kuliko hiyo kwa muziki wa nchi hii, ukiondoa ile wanayofanyiwa Wagogo kwenye mkoa wao wenyewe.

Hapo ndipo nataka tukae.

Muziki wa Kigogo si wa kufungulia tamasha wageni wakiwa bado wanatafuta viti. Hukwe Zawose, mwanamuziki mzaliwa wa mkoa huu aliyefariki Desemba 2003, aliupeleka kwenye matamasha ya majira ya joto huko Ulaya, na watu waliolipa kiingilio wakamsikiliza kwa utulivu. Katika familia yake sasa Pendo na Leah Zawose wanaimba mbele, kazi ambayo zamani ilikuwa ya wanaume. Chamwino, safari fupi mashariki mwa jiji, lipo tamasha la muziki wa Cigogo, yaani Kigogo kwa lugha ya wenyewe, lililoanza 2009 ambako vikundi vya vijijini vinapewa uwanja kamili. Yaani sikio lipo, wapigaji wapo. Kinachokosekana kwenye majukwaa makubwa ya jiji ni ufundi wa kuupokea.

Tatizo la kwanza ni noti zenyewe. Ngazi ya muziki huu inatokana na sauti zinazozaliwa juu ya sauti moja ya msingi. Chukua mfano wa msingi wa hertz 60: mara 4 ni 240, mara 5 ni 300, mara 6 ni 360, mara 7 ni 420, mara 8 ni 480, mara 9 ni 540. Katika uhusiano huo ndimo ilimba, ala ya kisanduku na vichuma vinavyopigwa kwa vidole, inamopangiwa noti zake, na waimbaji wanamopanga sauti zao, mmoja juu ya mwingine, bila kuhitaji ala ya kuwaongoza. Kinanda cha kisasa kimegawa oktavu, yaani nafasi ya kutoka noti moja hadi ile ya mara mbili yake, vipande 12 vilivyo sawa. Kikianzia 240 ileile, noti yake iliyo karibu na 420 iko karibu 428, na iliyo karibu na 300 iko 302 na ushee. Zikipigwa pamoja, ile ya kwanza inatetemeka karibu mara nane kwa sekunde. Mashabiki wanasikia kero hiyo na kusema "wazee hawako kwenye ki". Wako kwenye ki. Kinanda ndicho kilichotoka.

Mpiga kinanda anayeheshimu kazi ana njia mbili. Kama kinanda chake kinaruhusu kubadilisha noti moja moja, aishushe ya saba (ile ya 428) senti 31 na ya tatu (ile ya 302) senti 14, senti moja ikiwa sehemu ya mia ya nusu hatua. Kama hakiruhusu, apige noti ya msingi na ya tano tu, kwa sababu ya tano inalingana (360 kwa 359.6, sikio halitofautishi), na hizo nyingine awaachie waimbaji. Gitaa la besi halina shida likifuata njia hiyohiyo. Na kifaa cha kunyoosha sauti ambacho mafundi wengine hukiacha kimewashwa kwenye maiki zote kizimwe kabisa, maana kitaikamata ile 420 na kuivuta hadi 428 kila inapotoka mdomoni.

Tatizo la pili ni ule mvumo wa kukwaruza wa ilimba. Kwenye kisanduku chake kuna tundu lililobandikwa utando wa buibui, na utando huo unatetemeka kila kichuma kinapopigwa kwa kidole. Umewekwa makusudi, ndio ladha ya ala. Fundi mgeni anausikia kwenye spika zake, anadhani kuna kitu kimepasuka, anaanza kukata sauti za juu moja baada ya nyingine hadi ilimba inabaki kugonga kama mbao. Kisha kuna wanaobandika kihisio kwenye kisanduku ili kukwepa mluzi. Kihisio kinashika mtikisiko wa mbao vizuri, lakini mvumo wa utando unasafiri hewani na kinaukosa. Bora maiki ya kawaida, sentimita 15 hadi 20 kutoka kwenye tundu, isiguse kisanduku, na spika za miguuni za mpigaji ziwe nyuma ya maiki. Zeze linataka ukaribu wa namna hiyo, maiki ikielekea kwenye kibuyu mbali kidogo na upinde, la sivyo utasikia msuguano kuliko sauti.

Tatizo la tatu ni muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo. Wanawake wanabana ngoma kati ya mapaja, wanapiga, wanaimba, wanasogea, yote kwa pamoja. Ukiwasimamishia maiki mbili za mkononi kwenye vyuma, utapata sauti ya wawili walio katikati na ngoma ya mmoja, na mashabiki watauliza mbona wengine wanachezesha midomo tu. Kwa kikundi cha watu 15 waliojipanga nusu duara, maiki nne za kupokea mbali, zenye sponji nene ya kuzuia upepo, zilizo juu ya vichwa kidogo na mita moja mbele yao, zinafanya kazi nzuri. Nafasi kati ya maiki moja na nyingine iwe mara tatu ya umbali wa maiki na mwimbaji, yaani mita tatu, ili zisishike sauti moja kwa muda tofauti na kufutana. Mbili nyingine ziwe chini mbele kwa ngoma na njuga. Sakafu ya jukwaa ikiwa ya mbao nyembamba juu ya vyuma, miguu itanguruma kuliko ngoma. Tandika zulia zito chini ya vyuma vya maiki, au uwashushe wacheze ardhini mbele ya jukwaa, mahali wanapopenda zaidi.

Halafu muda. Dakika kumi saa nane mchana, juani, mbele ya viti vitupu, haziwezi kumwonyesha mtu chochote. Kikundi kinahitaji dakika 40, pamoja na robo saa ya kupima sauti kabla ya umati kuingia, na kinahitaji usiku. Hewa ya usiku inabeba sauti zao vizuri zaidi, ila ngozi za ngoma zikipoa zinalegea na mlio unashuka, kwa hiyo waandaaji watenge sehemu nyuma ya jukwaa yenye jiko la mkaa la kuzipasha moto, mita tano mbali na nyaya, na mtu mmoja asiye mpigaji wa kulisimamia. Gharama yake haifiki hata ya moshi wa jukwaani.